Sataranji kwa anayejua drafti tu: kila kete inatembeaje

Dada wa Kasulu, umesema mjomba wake dogo kamletea sataranji kutoka Dar, dogo yupo darasa la tano, nyumbani wote mnajua drafti tu, mkajaribu kufuata kikaratasi cha ndani ya boksi mkaishia kubishana, na unaomba mtu akueleze kwa lugha ya kawaida kila kete inaendaje. Wengi waliokujibu wamekuwekea majina ya kete afu wakamalizia na "utazoea tu". Hapana dada, huzoei tu. Mi nilianza hivyo hivyo bila wa kunielekeza, nikacheza karibu mwaka mzima vitu ambavyo si sheria, na kuviondoa kichwani ilikuwa kazi kuliko kujifunza. Kwaiyo naandika kwa urefu, soma taratibu, ubao uwe mbele yako na dogo awe pembeni.

Nipo Kigoma, Kibirizi, nashughulika na taa za sola na betri za wavuvi wa dagaa. Wanaolijua ziwa wanajua, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, kwaiyo kila mwezi kuna siku kadhaa mitumbwi inapandishwa mchangani watu wanashona nyavu, wanalala, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Siku hizo na mi betri za kuchaji zinakuwa chache. Hapo ndo nilipoanza kutoa ubao wangu wa sataranji, na karibu wote niliowafundisha mpaka leo wametokea kwenye drafti kama nyie, ndo maana najua mtakwama wapi hata kabla hujaniambia.

Kinachowakwamisha watu wengi ni drafti iliyomo vidoleni. Kuna mambo matatu ya drafti inabidi uyaweke kando kwanza.

La kwanza ni kula. Drafti unaruka kete ya mwenzio unatua nyuma yake. Sataranji huruki, unaenda kukaa pale pale alipokaa yeye na yeye anatoka ubaoni. Kuna mzee mmoja hapa mwaloni, kwenye drafti sijaona wa kumfunga, siku ya kwanza nampa ngome ajaribu akainyanyua akaruka kete yangu akatua nyuma yake akaichukua, nikamwambia mzee hapana, akaniangalia kama nataka kumdhulumu. Nikatafuta mfano. Nikamwambia mzee, kwenye drafti unaruka kiti cha mwenzio, huku unamtoa kwenye kiti unakaa wewe. Akanyamaza kidogo, akarudisha kete, akaisogeza tena ngome yake mpaka juu ya kiboksi changu, akanisukumia kete yangu kwa kidole kimoja. Kuanzia hapo hakurudia kosa hilo, na mfano wa kiti nautumia kwa kila mtu.

La pili, kula si lazima. Drafti ukiacha kula ni kosa, huku unaweza kuona kete ya bure ukaiacha ukafanya mambo yako. Na la tatu, mshindi si aliyemaliza kete za mwenzie. Unaweza kuwa umebaki na kete tatu mwenzio ana kumi na ukashinda wewe, maana mchezo wote ni juu ya kete moja tu, mfalme. Hilo nitalirudia chini.

Sasa ubao. Habari njema ni kwamba ubao wenu wa drafti unafaa kabisa, ni viboksi 64 vile vile, nane kwa nane, tofauti huku tunatumia vyote, vyeusi na vyeupe. Ugeuze hivi: kila mchezaji akikaa, kiboksi cha kona upande wa mkono wake wa kulia kiwe cheupe. Usidharau hili, ukiukosea ubao hapa mfalme na malkia wanabadilishana nafasi. Ubao wenye maandishi una herufi a mpaka h kwa mistari inayosimama na namba 1 mpaka 8 kwa mistari inayolala, nitazitumia kwenye mifano, kama wenu hauna andika pembeni kwa kalamu.

Kila mtu ana kete 16. Mstari wa nyuma kabisa unapanga kuanzia kwenye kona kuja katikati: ngome, farasi, askofu, na upande wa pili hivyo hivyo, ngome, farasi, askofu. Katikati vinabaki viboksi viwili, malkia anakaa kwenye rangi yake, mweupe kwenye cheupe, mweusi kwenye cheusi, mfalme anachukua kinachobaki. Ukipanga vizuri malkia wanatazamana na wafalme wanatazamana. Mstari wa mbele wote ni askari wanane. Mweupe ndo anaanza, afu mnapokezana hatua moja moja, hakuna kupisha zamu hata kama hutaki kutembea.

Ushauri wangu mkubwa, na hili nimelijaribu kwa watu wengi: msipange kete zote siku ya kwanza. Chukua kete moja, iweke peke yake ubaoni, tawanya vizibo au maharage kama saba hivi, mwambie dogo aviokote vyote kwa hatua chache anavyoweza. Siku ya pili kete nyingine. Mtoto wa darasa la tano ndani ya wiki moja anakuwa anaijua kila kete kama anavyojua njia ya shule, wakati akianza na zote 32 kwa mpigo anachanganyikiwa anaacha.

Anzeni na ngome, ile iliyo kama mnara. Inaenda moja kwa moja tu, mbele, nyuma, kushoto, kulia, viboksi vingi inavyotaka mpaka ikutane na kitu. Ikikutana na kete yako inaishia kiboksi kimoja kabla, ikikutana na ya adui inaweza kuila na kukaa pale. Hairuki kitu. Kuna jambo zuri la ngome watu hawalioni mapema, ukiiweka popote kwenye ubao mtupu, iwe katikati iwe kwenye kona, ina viboksi 14 vya kwenda, hesabu mwenyewe na dogo. Hakuna kete nyingine iliyo hivyo.

Askofu ni yule mwenye kichwa chenye mkato. Huyu mtamwelewa haraka kuliko wote maana anateleza kwa mshazari kama kingi wa drafti, kona mpaka kona, mbali anavyotaka, isipokuwa kwenye kula ndo hakuna kuruka, anakaa kitini. Askofu aliyeanza kwenye kiboksi cheupe atakufa kwenye cheupe, hawezi kugusa cheusi maisha yake yote, ndo maana unapewa wawili, mmoja kila rangi. Akiwa katikati ya ubao mtupu anaona viboksi 13, kwenye kona anaona 7 tu, kwaiyo mtoe nje.

Malkia ni ngome na askofu kwa pamoja. Anaenda moja kwa moja na anaenda mshazari, mbali anavyotaka, ila haruki na hachanganyi njia mbili kwenye hatua moja. Watu huku wananiuliza kila siku mbona mwanamke ndo mwenye nguvu kuliko mfalme. Mchezo huu ulianzia India, ukaenda kwa Waajemi, ukafika kwa Waarabu wakauita shatranji, na sisi jina letu la sataranji limetokea huko. Wakati huo pale alipo malkia alikuwa waziri, anaenda hatua moja tu ya mshazari, mdogo kabisa. Na pale alipo askofu alikuwa tembo, anaruka viboksi viwili tu vya mshazari. Ulipokuwa Ulaya, kuelekea mwisho wa miaka ya 1400, ndo waliwapa nguvu walizonazo leo, mchezo ukawa wa kasi. Kwaiyo mtu akikuambia malkia ana nguvu tangu mwanzo, sivyo.

Ila dogo akishajua nguvu ya malkia atataka kumtoa hatua ya pili tu aende kuwinda. Mkataze. Malkia akitoka mapema kila kete ndogo ya adui inamfukuza na wewe unapoteza hatua kumkimbiza.

Farasi sasa. Hapa kaa vizuri maana ndo kete inayowatesa wageni, na kwangu mimi ndo tamu kuliko zote. Anaenda viboksi viwili kwa moja kwa moja, afu anakata kona kiboksi kimoja, upande wowote. Umbo lake ni kama herufi L. Kosa ambalo nimeliona kwa kila mtu, mtoto kwa mzee, ni kuhesabu kiboksi alichosimama kama moja. Hicho hakihesabiwi. Weka kidole kwenye kiboksi kinachofuata ndo useme moja, kinachofuata mbili, afu kona. Binti mmoja wa jirani yangu alikuwa anatamka kwa sauti "moja, mbili, kona" huku anagonga ubao kwa kidole, tukamwacha agonge tu, baada ya kama siku nne akaacha mwenyewe, macho yalikuwa yameshajua.

Jambo la pili la farasi, huyu peke yake ndo anaruka. Viboksi anavyopita njiani havimhusu, viwe na kete zako au za adui anapita juu, na hao aliowaruka hawaliwi, watu wa drafti kuweni makini hapo. Anayeliwa ni yule aliyekaa pale anapotua tu. Ndo maana mwanzoni mwa mchezo, wakati ngome na askofu wamezibwa na askari wao wenyewe, farasi anatoka bila shida, yule wa b1 anaruka kwenda a3 au c3.

Njia ya kujihakiki: farasi kila akitembea anabadilisha rangi. Yupo kwenye cheupe, lazima atue kwenye cheusi. Ukiona umetoka cheupe umetua cheupe, umekosea, rudisha. Akiwa katikati ana sehemu nane za kwenda, akiwa kwenye kona anazo mbili tu. Afu mpe dogo fumbo hili, farasi kwenye kona a1, kiboksi cha b2 kipo pale pale kimemgusa kwa mshazari, afike kwa hatua ngapi? Jibu ni nne. Mwache ahangaike, usimwambie. Nilimpa fumbo hili kijana mmoja wa mtumbwini saa kumi jioni, magharibi inaadhiniwa bado ameinama, alipofika aliita watu waje kuona.

Seti yangu ya kwanza ilipoteza farasi mweupe, alidumbukia kati ya mbao za mtumbwi akaenda ziwani. Tukaweka kizibo cha soda, tukakichora alama kwa mkaa. Tulicheza hivyo muda mrefu na mchezo haukupungua kitu, kwaiyo kama boksi lenu lina kete pungufu msisubiri nyingine.

Askari, wale wadogo wa mbele, wengine wanawaita pioni. Ndo kete ndogo zaidi na ndo yenye sheria nyingi zaidi, kwaiyo mi huwa namfundisha karibu na mwisho. Anaenda mbele tu, kiboksi kimoja, harudi nyuma kamwe. Akiwa bado hajatoka mahali pake pa kuanzia unaweza kumpa viboksi viwili kwa mara moja kama njia ipo wazi, baada ya hapo ni kimoja kimoja. Afu ndo hii inayochanganya: anatembea moja kwa moja lakini anakula kwa mshazari, kiboksi kimoja mbele kushoto au mbele kulia. Kilicho mbele yake uso kwa uso hawezi kukila, anaganda. Askari wawili wakikutana uso kwa uso wanaweza kukaa hivyo mpaka mchezo uishe. Kete zingine zote zinakula kule kule zinakotembea, huyu peke yake ana njia ya miguu na njia ya mdomo tofauti.

Zoezi lake: pangeni askari tu, wanane kwa wanane, hakuna kete nyingine, wa kwanza kufikisha mmoja mstari wa mwisho kashinda. Kwa wacheza drafti zoezi hili ni chakula, hapa mwaloni kuna watu wanaliomba mpaka leo.

Na akifika mstari wa mwisho? Kwenye drafti anakuwa kingi. Huku anageuka pale pale kuwa malkia, au ngome, au askofu, au farasi, unachagua wewe, hatakiwi kubaki askari wala kuwa mfalme wa pili. Na si lazima iwe kete iliyokwisha kuliwa, unaweza kuwa na malkia wawili hata watatu. Sisi malkia wa pili tunaweka kizibo. Wengine wanapindua ngome juu chini, nyumbani sawa, ila dogo akija kucheza mashindano asifanye hivyo, kwa sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, ngome iliyopinduliwa inahesabiwa ni ngome.

Kuna sheria moja ya askari ambayo naiandika kwa uchungu. Nilikuwa kwenye treni natoka Kigoma naenda Dar, behewani nikakaa na kijana mwanafunzi wa chuo ana ubao mdogo wa sumaku, tukaanza kucheza toka Uvinza, watu wamejaa wanaangalia. Tulipopita Kaliua nikasogeza askari wangu viboksi viwili akatua pembeni ya askari wake, nikijua nimemkwepa. Yule kijana akachukua askari wake akaenda mshazari nyuma ya wangu, kiboksi kitupu, afu akamtoa wangu ubaoni. Nikamwambia hiyo haipo. Akasema ipo. Nikamwambia mbele za watu kwamba ananiibia, nikafunga mchezo, hatukuongea tena mpaka Dodoma. Nilipokuja kuzisoma sheria mwenyewe nikakuta alikuwa sahihi kabisa. Sina namba yake. Kama unasoma hapa kaka, ulikuwa sahihi na nakuomba radhi.

Sheria yenyewe ni hii. Askari wa adui akienda viboksi viwili toka mwanzo akatua ubavuni kwa askari wako, unaruhusiwa kumla kama vile alikwenda kiboksi kimoja tu, yaani askari wako anakwenda mshazari kwenye kile kiboksi alichokipita, na yeye anatolewa. Mfano wewe ni mweupe, una askari e5, mweusi anatoka d7 mpaka d5, unaweza kwenda d6 na yule wa d5 anatoka. Lakini ni hatua hiyo hiyo inayofuata tu, ukifanya kitu kingine kwanza nafasi imepotea. Na ni askari kwa askari peke yao. Huku tunaita kula njiani.

Kabaki mfalme. Anaenda kiboksi kimoja tu, upande wowote, moja kwa moja au mshazari, na anakula hivyo hivyo. Haruhusiwi kwenda mahali ambapo kete ya adui inaweza kumla, kwaiyo wafalme wawili hawawezi kusimama wakigusana. Mfalme haliwi. Hili nisisitize kwa sababu najua hapo nyumbani mlikuwa mnamla mnaendelea. Kete yako ikimlenga mfalme wa adui hiyo ni cheki, na mwenye mfalme lazima aitatue hatua hiyo hiyo, hana ruhusa ya kufanya kitu kingine. Njia ni tatu: kukimbia, kukinga kwa kuweka kete katikati, au kuila ile kete inayomtisha. Cheki ya farasi haikingiki, maana farasi anaruka. Na vile vile kete yako iliyosimama katikati kumkinga mfalme hairuhusiwi kutoka kama ikitoka mfalme anabaki wazi, hata kama unaona malkia wa bure pembeni.

Zote tatu zikishindikana hiyo ni chekimeti, mchezo umeisha hapo hapo, hata kama ubaoni kete zimejaa. Jaribuni hii mwone kwa macho: mfalme mweusi e8, ngome nyeupe moja a7, nyingine b1, mfalme mweupe muweke popote mbali. Ngome ya b1 ipande mpaka b8. Mfalme mweusi anachekiwa mstari wote wa juu, akitaka kushuka mstari wa saba umefungwa na ngome nyingine. Kwisha. Tunaita ngazi, kwa sababu ngome mbili zinapanda kama miguu kwenye ngazi zikimsukuma mfalme mpaka ukingoni, na hiyo ndo chekimeti ya kwanza ninayomfundisha kila mtu.

Sasa kuna mtego. Mfalme hajachekiwa, ila hana pa kwenda na mwenye zamu hana kete nyingine yoyote inayoweza kutembea. Hiyo si ushindi, ni sare. Niliiona ikimtokea binti yule yule wa "moja, mbili, kona". Alikuwa na malkia na mfalme, mpinzani wake mtu mzima amebaki na mfalme peke yake kwenye kona ya h8, watu wameshaanza kumpongeza. Akamweka malkia g6. Kimya. Mpinzani akaangalia g8, malkia anaiona. G7, anaiona. H7, anaiona. Na pale h8 alipo hachekiwi na mtu. Akasema sare. Binti alilia, na mi nikakaa naye mchangani mpaka tukalielewa wote: mfalme akiwa kwenye kona hana kete nyingine, usimweke malkia umbali wa hatua ya farasi kutoka kwake. Panga hiyo picha nyumbani, dogo aione kabla haijamkuta.

La mwisho ni kumficha mfalme, hatua pekee unayotembeza kete zako mbili kwa mara moja. Mfalme anakwenda viboksi viwili kuelekea ngome, afu ngome inavuka inakaa upande wa pili wake. Upande mfupi, mfalme anatoka e1 anakwenda g1, ngome ya h1 inakuja f1. Upande mrefu, mfalme anakwenda c1, ngome ya a1 inakuja d1. Masharti ndo watu wanayasahau: mfalme na hiyo ngome wawe hawajatembea kabisa tangu mchezo uanze, katikati yao kusiwe na kete, mfalme asiwe kwenye cheki wakati huo, na kiboksi anachopita na anachotua visiwe vinaangaliwa na adui. Ngome yenyewe ikiwa inatishiwa haina shida, wengi wanakataa hapo lakini inaruhusiwa. Na ushike mfalme kwanza, ukianza na ngome mwenzio anaweza kudai umetembeza ngome tu.

Hiyo inahusu pia mazoea ya kushika kete. Sheria ni ukiigusa kete yako kwa nia ya kuitembeza, unaitembeza, hakuna kunyanyua, kupima hewani afu kurudisha. Kwa mtoto wiki ya kwanza msimbane, wiki ya pili anzeni kuifuata, inamfundisha kutumia macho kabla ya mkono.

Umeuliza pia kete ipi ina thamani ipi ili mjue kubadilishana. Watu wanahesabu askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Kwaiyo akitoa ngome achukue farasi amekula hasara, akitoa farasi achukue ngome amepata. Ni makadirio tu, farasi aliyekaa katikati vizuri mi simbadilishi na askofu aliyezibwa na askari wake.

Na kwa wale waliosema humu kwamba huu ni mchezo wa wazungu na wenye pesa: hapo ng'ambo tu Zambia katoka Amon Simutowe, grandmasta (cheo cha juu kabisa cha mchezo huu) wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na Uganda katoka Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe, mtaa wa watu maskini Kampala, akaiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010. Msimvunje moyo mtoto wa mtu.

Kama dogo ataanza leo basi apewe ngome peke yake na maharage saba, kesho askofu, keshokutwa malkia, farasi mpeni siku mbili. Mkifika kwenye kumficha mfalme mkabishana, niandikie hapa hapa kete zimekaa wapi kwa herufi na namba, ya nani ilikuwa zamu, nitakujibu jioni. Wiki hii mwezi umeshaanza kuwa mkubwa, mitumbwi ipo juu, nina muda.